Pa Kutokea Joto

Mlinzi wa duka alimtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Viatu vilikuwa na unga mpaka kwenye kamba, na suruali nayo haikuwa mbali.

"Mikate inapokelewa mlango wa nyuma, mzee," akasema, kwa upole wa mtu anayedhani anasaidia.

"Sikuleta mikate. Nimekuja kununua."

Mlinzi akamtazama tena, safari hii kuanzia juu, kisha akamwonyesha kwa kidole kitambaa kilichotandikwa mlangoni. Mwoka mikate akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudia cha kulia kwa sababu mlinzi alikuwa bado anakiangalia. Mkewe alisimama nyuma yake akijiuma mdomo. Siku nyingine mama huyu angempa mlinzi maneno ya kumtosha wiki nzima. Leo hakutaka ugomvi na mtu, maana walikuja kumnunulia mtoto baridi, na mtu anayekwenda kutafuta kitu kama hicho hapotezi nguvu mlangoni.

Kazini walimwita Tanuri, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na miwili mbele ya moto ilikuwa imemfanya mtu wa kutoka jasho la watu wanne: asubuhi akiingia shati ni jeupe, saa nne ukilikamua unapata kikombe. Binti yake wa pekee, mwenye miaka saba, alizaliwa bila hata tone. Daktari aliwaeleza kwa kuchora kwenye karatasi: ngozi ya watu wengine ina vitundu elfu kwa elfu vya kutolea jasho, ya binti yenu haina. Wengine wakipata joto, linatoka. Kwake linaingia, linakaa. Kwa hiyo mtoto alishinda na fulana iliyolowa, na kila nusu saa mtu humlowesha upya. Watoto wa mtaani wakambandika jina la Samaki, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na bibi yake. Wakati mwingine Tanuri alipokuwa akikamua shati lake nyuma ya kiwanda, alijiona kama mtu aliyemwibia mwanawe fungu lake.

Msimu wa joto uliopita Samaki alianguka darasani, mwili unawaka, macho yamegeuka. Safari hii daktari hakuchora kitu. "Akianguka tena namna ile siwaahidi lolote," alisema. "Mtafutieni chumba kimoja chenye baridi kabla joto la mwaka ujao halijafika kileleni." Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili, kila mwenye redio alijua. Pesa waliyokuja nayo ilitosha mashine moja. Ya kukosea haikuwepo.

Mashine zenyewe zilisimama kwa safu, nyeupe, zina magurudumu, nyingine ndefu kumfikia Samaki mabegani. Tanuri alipunguza sauti bila kujijua, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba baridi inaweza kusukumwa kwa magurudumu kama kitoroli cha mikate.

"Karibuni, wazee wangu," akasema dada wa mauzo, binti mchangamfu mwenye kalamu sikioni. "Chumba kina ukubwa gani?"

"Trei kumi na moja kwa nane," Tanuri akajibu.

"Trei?"

"Trei za mikate. Nilipima kwa trei."

Dada akaanza kucheka, akajizuia. Mke akamwokoa. "Cheka tu, mwanangu. Huyu hata kitanda chetu alikipima kwa trei."

Tanuri akatenga viganja vyake hewani kuonyesha trei moja. Dada akaleta futi ya utepe, akapima kati ya viganja vile, akapiga hesabu kwenye simu. Viganja vile vilistahili heshima: baadaye walipopima upya ilionekana alikosea kwa upana wa kidole tu.

"Paa?"

"Bati."

"Lina dari?"

"Dari ipo, ya mbao nyembamba. Ukipiga chafya inaitikia."

"Jua linapiga chumba saa ngapi?"

"Muulize saa gani halipigi," mke akasema.

Dada akaandika. Kisha akawapeleka kwanza kwenye mashine ndogo, ya bei nafuu, ya kujazwa maji kwa juu. Hii ndiyo watu wengi wanachukua, alisema. Haina bomba, haina habari za dirisha, unachomeka tu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alilipwa kwa kila mashine inayotoka mlangoni. Akaiwasha. Upepo ukaja usoni mwao, wenye harufu ya plastiki mpya.

Tanuri hakusimama mbele ya upepo. Alizunguka nyuma ya mashine, akainama, akakunja mkono wa shati, akanyoosha kigasha chake na kukituliza hapo. Midomo ikawa inachezacheza.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nahesabu."

Ndivyo alivyopima moto. Kipimajoto cha tanuri kule kazini kilikufa miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekaa msiba. Unaingiza kigasha, unahesabu. Ukilazimika kukitoa kwenye nane, tanuri iko tayari kwa mikate. Ukifika kumi na mbili, weka mikate midogo. Ukifika ishirini na tano, chochea moto, hakuna kazi hapo. Nyuma ya mashine ile alihesabu mpaka sitini, akaona haya kuendelea.

"Joto linatokea wapi?" akauliza.

"Hii haina joto, mzee wangu. Inaleta baridi tu."

"Dada yangu, baridi hailetwi kutoka popote. Baridi ni joto likishaondoka. Kama haliondoki, basi lipo humu humu, tumelipulizia maji tu."

Dada akaitoa kalamu sikioni, akairudisha. Akatazama nyuma kama msimamizi yuko karibu, kisha akasogea kwa mke, maana siri za namna hii huambiwa wanawake.

"Mama, nikwambie ukweli? Hii inafaa kwenye joto kavu. Kwa unyevunyevu huu wetu, mwezi wa kwanza wanaisifia, wa pili wanairudisha."

"Tuna mtoto asiyetoka jasho," mke akasema. Alisema hivyo bila kuomba huruma, kama mtu anayetaja namba ya kiatu. Dada aliwashika mkono, akawapeleka mwisho wa safu, kwenye mashine ndefu kuliko zote, yenye bomba nene la kukunjika mgongoni.

Alipoiwasha, kwanza ilinguruma kama mtu anayesafisha koo. Kisha Tanuri akapeleka kigasha mwisho wa bomba. Akahesabu. Halikumchoma, lakini kufika ishirini alikuwa ameshalitambua; akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Hili ni joto la chumba cha kuumulia unga," akasema. "Hili hili. Limetoka wapi?"

"Limetoka humu dukani, mzee. Inalibeba kutoka hewani, inalitupa."

Tanuri akaweka mkono mbele, baridi. Akaweka nyuma, moto. Mbele tena. Alikuwa anaona kwa macho yake jambo ambalo mkono wake ulilijua siku zote, kwamba joto ni kitu, linabebeka, lina uzito wake kama gunia la unga. Angekaa hapo mpaka jioni kama mkewe asingemvuta shati.

"Ila inalitupa?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mikate mizima inamwagwa jalalani.

"Inalitupa. Bomba litokee dirishani, mzee. Nje kabisa. Nje, umenisikia?"

"Nimesikia," Tanuri akasema, na akatikisa kichwa vile watu wanavyotikisa wakati wanawaza jambo jingine.


Mashine ilifika nyumbani kwa mkokoteni, ikiwa imelazwa ndani ya boksi lake, na mwenye nyumba akatoka kuitazama kabla haijashushwa. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye vyumba sita vya kupangisha na macho ya kuvitosha vyote.

"Shikamoo, mama," Tanuri akasema.

"Marahaba. Hilo ni jokofu au jeneza?"

"Kiyoyozi, mama. Cha mtoto." Akavua kofia. "Tunaomba ruhusa ndogo. Tutoe kioo kimoja cha dirisha, kimoja tu, na tukate wavu wa mbu hapa pembeni, bomba lipite."

"Wavu ule niliuweka kwa pesa yangu."

"Tutaweka mwingine, mama."

"Leo wavu, kesho kioo, keshokutwa ukuta. Nyumba si mkate, baba. Mkate ukiukata unaoka mwingine."

Wapangaji waliokuwa uani waliendelea kuanika nguo zilizokuwa zimeshaanikwa. Tanuri alisimama na kofia mikononi, ameikunja mpaka imekuwa kitu kingine.

"Ni kwa ajili ya mtoto," akasema tena.

"Wapangaji wangu wote wana watoto. Huyu ana homa, yule ana kifafa, kila mmoja akinikatia dirisha nitabaki na nini, nguzo tupu? Dirisha langu likiguswa, mwisho wa mwezi mtafute pengine." Na hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa ameshawahi kuharibiwa nyumba na mpangaji mwenye maneno matamu, na tangu hapo maneno matamu yalimtia mashaka. Akaingia kwake.

Ndani, mke aliketi juu ya boksi. "Sasa tumenunua kabati," akasema.

Tanuri alikuwa anautazama ukuta wa kati, ule unaotenganisha chumba na stoo. Juu kidogo ya usawa wa goti palikuwa na tundu la hewa, upana wa tofali mbili, lililoachwa na mafundi kwa sababu wanazozijua wenyewe. Upande wa pili, stoo, ndipo mkewe alipoweka beseni la unga uliokandwa wa mikate midogo aliyoiuza mtaani kila jioni. Bomba lingeenea kwenye tundu lile kana kwamba walipimiana.

"Mama Samaki," akasema, na sauti yake ilianza kuchangamka, "unga wako unaumuka kwa muda gani?"

"Saa mbili. Siku za mawingu hata tatu. Kwa nini?"

"Kazini kwetu joto halitupwi. Likitoka kwenye tanuri linapelekwa chumba cha kuumulia. Moto ni mali. Sasa hili dude litatoa joto la chumba, lilipeleke stoo. Mtoto anapata baridi, unga unapata joto. Ndege wawili kwa jiwe moja, na dirisha la watu halijaguswa."

Mke akashuka kwenye boksi. "Yule dada alisema nje."

"Yule dada anauza mashine, mama. Moto naujua mimi."

Na kweli aliujua. Ndiyo maana mkewe hakubisha zaidi. Mjinga angeambiwa akasikia. Mjuzi ndiye mwenye taabu, kwa kuwa kosa lake linakuja limevaa nguo za ujuzi.


Waliiwasha siku yake ya mapumziko, saa nne asubuhi. Tanuri alikuwa ameziba dirisha vizuri, nguo kuukuu kila ufa, kama anavyoziba mlango wa tanuri. Samaki aliingizwa akiwa na fulana yake iliyolowa, akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma, kama anasubiri kutambulishwa kwa mgeni.

Mashine ikasafisha koo. Upepo ukamfikia usoni. Mtoto akafumba macho, akafungua mdomo, akaumeza.

"Baba, huu upepo umetoka kwenye friji ya nani?"

"Wetu. Umetoka humu humu chumbani."

"Mbona jana haukuwepo?"

Tanuri akacheka. Wakakaa watatu kwenye kitanda wakiitazama mashine. Kisha Samaki akashuka, akazunguka nyuma, akapiga magoti pale palipokuwa na kijimpira chembamba kilichoelekea kwenye sufuria. Kwenye ncha ya mpira ule tone lilikuwa linajikusanya. Lilivimba, likaning'inia, likadondoka. Likafuata jingine.

"Mama! Inatoka jasho!"

"Ni maji yaliyokuwa hewani, mwanangu," mama akasema. "Inayakamua."

Lakini mtoto hakumsikia. Alikinga kidole chini ya tone, akalipokea, akalipaka kwenye paji la uso wake, ambapo miaka saba halikupita tone ambalo halikumwagwa na mtu. Akalipaka polepole, kutoka nywele mpaka nyusi.

"Inanitolea mimi," akasema.

Mama yake alitoka chumbani haraka kama aliyesahau kitu jikoni. Tanuri alibaki. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe alihisi kwamba huenda Mungu hakuwasahau, aliwacheleweshea tu fungu lao.

Saa tano na nusu alisikia mkewe akiita kutoka stoo. Akakimbia. Unga ulikuwa umeumuka ukainua kifuniko cha beseni, ukachungulia pembeni, ukaanza kushuka ukutani kwa starehe zake. Wakasimama wakiutazama. Joto la mle ndani lilikuwa linawapiga usoni.

"Saa moja na nusu tu!" Tanuri akasema. "Nilikwambia nini? Nikuwekee stoo ya pili?"

"Nenda zako," mke akasema, lakini alikuwa anacheka, mikono imeshaanza kuupiga unga urudi chini. Walifurahi pale mlangoni dakika kadhaa, wamefurahi kweli, wakipanga mikate ya kesho.

Samaki hakuita. Ndilo jambo Tanuri alilolikumbuka baadaye kwa uchungu: mtoto hakuita. Waliporudi walimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye mashine, miguu imenyooka. Fulana ilikuwa kavu.

"Samaki?"

"Samaki amechoka," akasema. Ulimi ulikuwa mzito.

Mama yake alimgusa shingo, akavuta mkono kama aliyegusa sufuria. Tanuri akatazama kipimajoto cha ukutani, kile walichopewa hospitali. Walipowasha mashine kilisoma thelathini na tatu. Sasa kilisoma thelathini na sita. Alikigonga kwa kucha. Kikabaki pale pale.

"Zima hilo dude!" mke akapiga kelele, tayari anammiminia mtoto ndoo ya maji kichwani, maji yakienea kitandani, sakafuni, kila mahali. "Zima!"

"Tukizima si ndiyo joto litazidi? Linapuliza baridi, shika uone!"

"Nimeshika mtoto! Shika wewe!"

Akamshika. Mguu mdogo ndani ya kiganja chake ulikuwa na joto la mkate unaotoka kwenye trei, na hilo ni joto alilolijua kuliko mtu yeyote mtaa ule. Samaki alimtazama bila kumwona. Tanuri akashuka chini, mikono na magoti sakafuni katika maji, hajui anatafuta nini. Na hapo chini, karibu na mlango, kitu kilimpuliza kigasha.

Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango. Ulikuwa unaingia kwa nguvu, kama unavutwa. Akaulaza mkono pale, akahesabu, si kwa kupenda, mkono ulihesabu wenyewe. Kufika ishirini ulikuwa umeshalitambua.

Lilikuwa joto lile lile. Lile alilolishika dukani mwisho wa bomba. Mashine ilikuwa inalitoa chumbani, inalisukuma stoo, nalo stoo likijaa linapita mlango wa stoo, linazunguka ukumbini hatua tatu, linarudi chini ya mlango wa mtoto, kama mgeni aliyefukuzwa mbele akaingilia nyuma. Na kila mzunguko lilirudi limenenepa. Yeye aliyemfundisha dada wa watu kwamba baridi ni joto likishaondoka, hakuwa ameliruhusu joto kuondoka. Alilionea huruma. Alitaka kulifanyia kazi.

"Ni mimi," akasema.

"Nini?"

"Ni mimi niliyelirudisha!"

Hakuwa na zana. Akakimbilia stoo, akachukua kisu cha kukatia unga, kile kipana, akarudi akazirarua nguo alizozibia dirisha. Akauchana wavu wa mwenye nyumba kutoka juu mpaka chini. Kioo cha kwanza cha dirisha kilitoka salama. Cha pili kiligoma, akakipiga kwa mpini, kikavunjika na vipande vikaanguka nje uani kwa kelele ya kutosha kufufua kijiji. Akalichomoa bomba tunduni, akalisokomeza dirishani, akaziba pembeni kwa mto, kwa shati lake, kwa kilichokuja mkononi. Kiganja kilikuwa kinatoka damu na hakujua. Akajaza lile tundu la ukutani kwa unga wenyewe, tonge kwa tonge, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Dirisha langu!"

Mwenye nyumba alikuwa amefika, kwa upande wa uani, kanga ya kichwani imemponyoka. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya dirisha, mdomo wazi kwa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima, na bomba likampulizia joto lote usoni.

Akarudi hatua moja. "Ni nini hiki? Ni nini?"

Tanuri alikuwa ndani, kifua wazi, analishikilia bomba kwa mikono miwili lisianguke. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye mkanda. Hakuwa na nguvu ya kuomba radhi wala ya kubishana.

"Mama," akasema, "hilo ndilo lililokuwa ndani ya mtoto."

Mwenye nyumba akanyoosha mkono, akaukinga mbele ya bomba. Akaukinga muda mrefu, akigeuza kiganja upande huu na upande huu, kama mtu anayeonyeshwa kitu alichokipoteza akiwa mdogo. Vipande vya kioo vilikuwa miguuni mwake na hakuvitazama. Wapangaji wengine walianza kusogea, mmoja baada ya mwingine akaweka mkono, akautoa, akamtazama mwenzake.


Kipimajoto kilishuka hadi thelathini na tano, kikasita, kikashuka tena. Mke aliketi sakafuni na Samaki mapajani, anamlowesha, anamwita majina yote aliyowahi kumwita, hata ya utotoni ambayo Tanuri alikuwa ameyasahau. Kwenye thelathini na moja mtoto aliomba maji ya kunywa. Alikunywa kikombe kizima. Akaomba kingine, akalalamika kwamba nywele zake zimelowa na mama hakumuuliza.

"Anagomba," mke akasema. "Baba, anagomba!" Na akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha.

Mlango ukagongwa. Mwenye nyumba akaingia nusu.

"Ingia ufunge, mama, baridi inatoka," Tanuri akasema, kisha akashtuka kwamba ameamuru mtu ambaye asubuhi ile alikuwa anamwogopa kuliko polisi. Mama yule aliingia, akafunga. Akasimama katikati ya chumba, juu ya maji, akasikiliza bati lililokuwa linatoa milio kwa jua la saa saba juu ya dari, akaiangalia mashine, akaivuta hewa. Alikuwa amekaa nyumba ile miaka arobaini na hakuwahi kujua kwamba ndani yake kunaweza kuwa hivi.

"Kioo changu utanilipa," akasema taratibu.

"Nitalipa, mama."

"Na wavu."

"Na wavu."

Hakutoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Mashine ilinguruma, matone yakawa yanalia kwenye sufuria. Kipimajoto kilipita ishirini na saba, kikapita ishirini na tano. Mbavu za Tanuri zilianza kukauka. Alijigusa kifua, pakavu. Hakuwahi kuwa mkavu mchana wa msimu ule tangu aoe.

"Nasikia baridi," Samaki akasema.

Maneno yale katika mdomo ule yalikuwa kama ya lugha nyingine.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Baridi. Hapa. Na hapa." Akawanyooshea mikono. Ngozi ilikuwa imesisimka, vipele vidogo vidogo kuanzia kiwiko mpaka bega. Mama yake akavigusa kwa ncha za vidole, akamtazama mumewe. Kwa miaka saba walijua kumvua, kumlowesha, kumpepea, kumlaza juu ya sakafu tupu. Walikuwa mabingwa wa mambo hayo. Tanuri aligeuka huku na huku kutafuta cha kumfunika, akagundua kwamba nyumba yao nzima haina blanketi. Halikuwahi kuhitajika.

Mwenye nyumba aliinuka, akatoka. Alirudi na blanketi la sufu, zito, lenye harufu ya sandukuni, akampa Tanuri mkononi.

Mama yake akamvua fulana iliyolowa, akamkausha, wakamlaza. Tanuri akasimama juu ya mwanawe na blanketi lile, na hakujua mtoto hufunikwaje. Basi akafanya alivyojua: akalitandaza taratibu lisimwangukie, akashika pembe moja akaipenyeza chini, akazunguka akapenyeza ya pili, akafuata ukingo wote kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, akibana kidogo kidogo upepo usipate pa kuingia.

"Baba, huo si unga," mkewe akasema.

"Ndivyo ninavyojua," akajibu, akiendelea kubana.

Samaki alikuwa anamtazama kutoka ndani ya blanketi, uso tu ndio unaoonekana, midomo inatetemeka kidogo, amefurahi kupita kiasi.

"Na miguu, Baba," akasema. "Umeisahau miguu."

Akamfunika na miguu.